Kiti cha magurudumu, mkongojo na maumivu yasiyoisha: mwongozo kwa wanaoishi Goma

Maumivu ya kudumu hayana sura moja. Yuko mwenye baridi yabisi ambaye vidole vyake ni vigumu asubuhi na hulegea jua likishapanda. Yuko mgonjwa wa SS, yaani selimundu, ambaye kichwa cha mfupa wa paja kimekufa kwa kukosa damu. Yuko aliyepigwa risasi, jeraha likafunga, lakini mshipa wa fahamu unawaka hadi leo. Yuko mama aliyebeba mizigo kwa kamba ya kichwani tangu utotoni na sasa mgongo haumpi nafasi. Wote hao wanaweza kutembea kidogo, na hapo ndipo shida inapoanzia. Jirani anamwona mtu amesimama mlangoni, kesho anamwona kwenye kiti, anasema anajifanya. Mwenyewe naye anaona aibu, anaacha kiti nyumbani, anakwenda sokoni kwa miguu, kisha analala siku mbili.

Ukweli ni kwamba watu wengi sana wanaotumia viti vya magurudumu wanaweza kusimama na kupiga hatua. Kifaa kinatumika ili maumivu yasifike kileleni. Ukikisubiri mpaka umeshindwa, umechelewa: misuli imekwisha kukaza, usingizi umepotea, na siku inayofuata nayo imeharibika. Kwa hiyo swali la kujiuliza asubuhi ni hili: leo nina nguvu kiasi gani, na nataka kuitumia wapi?

Jua kiasi chako kabla ya kuchagua kifaa

Tembea kama kawaida katika siku tatu tofauti, mojawapo iwe siku mbaya, na angalia saa. Andika dakika ambayo maumivu yanaanza kupanda, si dakika ambayo unashindwa kabisa. Tuseme umepata dakika 10, 15 na 20. Wastani ni 15. Toa sehemu moja katika tano, zinabaki 12. Hicho ndicho kipimo chako cha kutembea kwa mfululizo, siku nzuri na siku mbaya. Ukifika dakika 12 unakaa, hata kama unajisikia vizuri, na hasa kama unajisikia vizuri, kwa sababu siku nzuri ndizo zinazowaangusha wengi. Wiki ikipita bila maumivu kulipuka, ongeza dakika moja au mbili. Yakilipuka, rudi nyuma kidogo na uanze tena.

Kipimo hicho ndicho kinachochagua kifaa. Safari iliyo ndani ya kiasi chako, mkongojo unatosha. Safari inayokipita, chukua kiti, na ukifika tumia zile dakika zako kwa kusimama mbele ya mchuuzi au kuingia kanisani. Kutumia viwili kwa zamu siyo kudanganya mtu. Ila usikae kutwa nzima: misuli ya paja na ya tako hudhoofika haraka, na goti na nyonga vikizoea kukunjwa hukataa kunyooka. Kila siku simama na utembee kidogo mahali tambarare, na kama mgongo unakubali, lala kifudifudi dakika 20 ili nyonga inyooke.

Mkongojo: urefu, mkono na ncha

Vaa viatu vyako vya kila siku, simama wima, uache mkono uning'inie. Kishikio kinatakiwa kuwa sawa na mkunjo wa kifundo cha mkono, pale unapofunga saa. Ukikishika, kiwiko kikunjike kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30. Mkongojo mrefu mno unapandisha bega, na jioni shingo inauma. Mfupi mno unakuinamisha, na mgongo ndio unaolipa. Kama ni wa mti, ukate sentimita moja moja, na ukumbuke kwamba mpira wa nchani utaongeza urefu.

Shika kwa mkono ulio upande wa pili wa mguu unaouma. Watu wengi hushika upande ule ule wa maumivu, na inaonekana kama ndiyo akili, lakini sivyo mwili unavyofanya kazi. Ukisimama kwa mguu wa kulia, misuli ya nyonga ya kulia ndiyo inayovuta kwa nguvu ili kiuno kisianguke upande wa kushoto, na mvuto huo ndio unaoibana nyonga. Mkongojo ukiwa mkono wa kushoto unakibeba kiuno upande huo, na misuli inapumzika. Mkongojo na mguu mgonjwa vinakwenda mbele pamoja, kisha mguu mzima unafuata. Kwenye ngazi, unapopanda tanguliza mguu mzima. Unaposhuka tanguliza mkongojo na mguu mgonjwa.

Sasa ardhi yetu. Mji huu umejengwa juu ya lava, na ile ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ziwani. Mawe yake yana matundu na kingo kali, na katikati ya jiwe na jiwe kuna mianya. Ncha ikiingia kwenye mwanya, mkongojo unabaki nyuma na wewe unakwenda mbele. Itafute sehemu bapa ya jiwe kabla ya kuukandamiza, na hatua ziwe fupi. Mkongojo wenye miguu minne, ambao ni mzuri kwenye sakafu ya hospitali, hapa haufai: unatulia pale tu miguu yote minne inapogusa chini kwa mara moja, jambo ambalo juu ya mawe halitokei. Fremu ya kutembelea ina tatizo hilo hilo. Iache ndani ya nyumba.

Ule mpira wa nchani uangalie kila wiki. Ugeuze juu na utazame: mpya una mistari ya mviringo inayoshika chini. Mistari ikishafutika unateleza kwenye saruji yenye maji, na mawe ya lava huila mapema kuliko lami. Ukiona upande mmoja umeliwa zaidi, mkongojo wako ni mrefu au unauweka mbali na mwili. Ukiona chuma kinatokeza katikati, usitoke nao. Dukani ukikosa mpira wa kubadilisha, nenda kwa fundi wa viatu anayeshona sandali za tairi: akate mduara mpana kidogo kuliko ncha, unene wa sentimita moja na zaidi, aupigilie msumari ambao kichwa chake kimezama ndani ya mpira. Kichwa cha msumari kikibaki juu, kitakuwa ndicho kinachogusa chini, na chuma juu ya jiwe hakishiki.

Magongo ya kwapani

Haya ndiyo yanayopatikana kwa wingi, na ndiyo yanayotumiwa vibaya kuliko vifaa vyote. Kati ya kwapa na kichwa cha gongo paache nafasi ya vidole viwili au vitatu, kama sentimita 5. Gongo linabanwa kwa mbavu, na uzito wote unabebwa na viganja. Mtu aliyechoka hulalia kwapa, na pale ndani unapita mshipa wa fahamu unaokwenda mkononi. Ukianza kuhisi ganzi kwenye kidole gumba au kifundo cha mkono kinalegea na hakinyanyuki, acha kuyatumia mara moja na uende ukaonyeshwe namna nyingine.

Kama mikono ndiyo inayouma, magongo ya kawaida yatahamisha maumivu kutoka mguuni kwenda viganjani. Nenepesha kishikio mpaka kifike sentimita 3 hadi 4 kwa kukizungushia sponji na kukaza kwa utepe wa mpira wa ndani wa baiskeli. Kishikio chembamba kinalazimisha vidole kubana. Vidole vikiwa vimepinda tayari, omba gongo lenye kibao cha kulazia mkono mzima wa mbele, ili uzito ukae kwenye mfupa na si kwenye kifundo. Fundi wa chuma anaweza kulitengeneza akionyeshwa, mradi kiwiko kiwe kimekunjwa nyuzi 90 na bega lisipande.

Kiti: vipimo vinne visivyosameheka

Kiti cha msaada mara nyingi huja kwa ukubwa mmoja, na mtu hupokea kwa shukrani bila kuuliza. Lakini kiti kisichokutosha kinaongeza maumivu mapya juu ya yale ya zamani. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa viti vya magurudumu mwaka 2008, na katika hatua zake nane kumo kupimwa mwili, kurekebishiwa kiti ukiwa umekikalia, kufundishwa kukitumia, na kufuatiliwa baadaye. Una haki ya kuomba yote hayo, hata kama kiti ni cha bure.

Kaa kwenye benchi gumu, mgongo wima, ukiwa na nguo unazovaa kweli. Goma kuna baridi jioni, na koti na vitenge viwili vina unene wake.

Upana: weka kitabu kigumu kila upande wa nyonga, pima kati ya vitabu. Kiti kiwe upana huo huo, au kizidi sentimita 2 tu. Kikiwa kipana, utaegemea upande mmoja, uti wa mgongo utapinda, na mikono itabidi itanuke kufikia magurudumu. Bega halikubali hilo kwa muda mrefu.

Kina: pima kutoka nyuma ya tako hadi nyuma ya goti, toa sentimita 3 hadi 6. Hapa ndipo viti vingi vinapokosea. Kalio la kiti likiwa refu kuliko paja lako, ukingo wake unasukuma goti, unateleza mbele, unakalia mkia wa mgongo badala ya mifupa ya makalio. Ukimwona mtu amejikunja kitini akilalamika kiuno, angalia kwanza kina kabla ya kulaumu ugonjwa wake.

Kikanyagio: kutoka nyuma ya goti hadi chini ya kisigino, viatu vikiwa vimevaliwa. Huo ndio umbali kati ya juu ya mto ukiwa umekaliwa na kikanyagio. Kikiwa juu, magoti yanapanda na uzito wote unaangukia makalio. Kikiwa chini, miguu inaning'inia na paja linabanwa kwa mbele. Chini ya kikanyagio paache angalau sentimita 5 hadi ardhini, na kwa mawe yetu heri pazidi.

Gurudumu la nyuma: ukiachia mikono, ncha ya kidole cha kati ifikie karibu na ekseli. Ukishika pete ya kusukumia kwa juu, kiwiko kiwe kimefunguka nyuzi 100 hadi 120. Ukikaa chini mno, bega linainuka kila msukumo. Ukikaa juu mno, unainama kuifuata pete. Pima ukiwa juu ya mto, maana mto wa sentimita 6 unabadilisha kila kitu hapa.

Egemeo la mgongo, kwa anayejisukuma mwenyewe, liishie chini ya mfupa wa bega ili mikono iwe huru. Kwa anayechoka haraka au mwenye maumivu ya shingo, liwe juu zaidi, na akubali kwamba kusukuma kutakuwa kugumu kidogo.

Ni kiti gani kinachoweza barabara za Goma

Kiti chembamba cha kukunja, kile cha korido za hospitali, kina magurudumu madogo ya mbele, membamba na magumu. Kwenye lami kinakwenda. Kwenye avenue za ndani za Majengo au Ndosho, gurudumu la mbele linaingia kati ya mawe mawili, linasimama ghafla, na aliyekaa anarushwa mbele. Unachotafuta ni kiti ambacho umbali kati ya gurudumu la nyuma na la mbele ni mrefu, na magurudumu ya mbele ni mapana na makubwa. RoughRider iliyobuniwa na Whirlwind ya Marekani ni mfano wa umbo hilo. Viti vya magurudumu matatu navyo hupita vizuri kwenye mabonde na mawe kwa sababu magurudumu yote hubaki yamegusa chini. Ubaya wake ni urefu, ukitaka kugeuka ndani ya chumba kidogo cha mbao.

Uliza pia saizi ya tairi la nyuma kabla hujakipenda kiti. Kama ni saizi ya baiskeli inayouzwa Birere au soko la Virunga, utaishi nacho miaka. Kama ni saizi isiyojulikana, mpira wa ndani wa kwanza ukichanika, kiti kinakuwa fanicha.

Trisikeli ya kukanyagia kwa mikono, kama zile zinazovusha bidhaa kwenye Petite Barrière, kivuko cha mpakani cha kuelekea Gisenyi, Rwanda, ni chombo kizuri cha safari ndefu kwa mwenye mabega na viganja vizima. Kwa mwenye baridi yabisi ya mikono, au anayeumwa shingo na mabega, ni mateso: mikono inazunguka bila kupumzika, na ikisimama kwenye mlima kuiondoa kunahitaji nguvu kubwa. Ukiitaka, ijaribu kwenye barabara yenye mwinuko kabla ya kuikubali, na usikilize mabega yako kesho yake asubuhi, kwa kuwa siku yenyewe hayasemi kila kitu.

Kusukuma bila kuharibu mabega

Shika pete nyuma kidogo ya kilele chake, sukuma kwa mwendo mrefu mpaka mbele, uachie. Mikono ishuke yenyewe chini ya pete na kurudi nyuma kwa mzunguko. Misukumo mifupi ya haraka haraka inachosha bega mara nyingi zaidi kwa umbali ule ule. Tumia kiganja chote, usibane kwa kidole gumba. Kwenye mwinuko inama mbele, la sivyo kiti kinapinduka nyuma. Ekseli ikisogezwa mbele kiti kinakuwa chepesi kusukuma lakini kinapinduka kirahisi. Ikirudishwa nyuma kinatulia lakini ni kizito. Anayeanza aanze nyuma, asogeze mbele kidogo kidogo akizoea.

Kama kuna anayekusukuma, mfundishe kusema kabla ya kutenda. Mwili wenye maumivu ukishtuliwa unakaza misuli yote, na kukaza huko kunauma kuliko jiwe lenyewe. "Papa, kuna jiwe, nakulaza nyuma" inatosha. Kijana asiyetaka kusema kwa sababu ana haraka, tafuta mwingine. Kupita jiwe au ukingo wa mtaro kunafanywa hivi:

1. Simamisha kiti mbele ya kizuizi, moja kwa moja, si kwa pembe.
2. Mwambie aliyekaa aegemee nyuma na kuweka mikono mapajani, mbali na magurudumu.
3. Kanyaga bomba la chini nyuma ya kiti kwa mguu mmoja huku ukivuta vishikio, mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke na kiti kitulie juu ya yale ya nyuma.
4. Sogea mbele mpaka magurudumu ya nyuma yaguse kizuizi, shusha ya mbele taratibu ng'ambo, kisha sukuma ya nyuma yapande.

Kushuka ukingo ni kinyumenyume: geuza kiti, magurudumu ya nyuma yashuke kwanza, polepole, tumbo la anayesukuma likiwa karibu na egemeo. Kwenye changarawe ndefu ya lava, geuza kiti na ukivute kinyumenyume, kwani magurudumu makubwa yanapita pale madogo yanapokwama. Mteremko mkali wenye mawe yanayoteleza nao ushukwe kinyumenyume.

Mto na ngozi

Mtikisiko wa mawe unapanda kutoka gurudumuni hadi shingoni, na mto husaidia kuuzuia. Sponji laini tupu haifai: ukiikalia inabonyea mpaka mbao. Weka tabaka mbili, sponji ngumu sentimita 3 chini na laini sentimita 3 hadi 4 juu, ndani ya foronya inayopitisha hewa. Ili kujua kama mto umekufa, ukalie, kisha mtu apenyeze vidole chini ya mfupa wa tako: akihisi mfupa umegusa kibao, badilisha.

Kila dakika 15 hadi 30 hamisha uzito. Inama mbele, kifua kuelekea magotini, au egemea upande mmoja kisha mwingine, dakika moja au mbili. Kujinyanyua kwa mikono kulifundishwa sana zamani, ila kunaumiza mabega na hakuna anayeweza kubaki juu muda wa kutosha. Jioni angalia ngozi ya makalio, mkia wa mgongo, nyonga na visigino, kwa kioo au kwa macho ya mtu wa nyumbani. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu. Tafuta mahali palipozidi weusi, pana joto, pagumu au panauma. Alama ikibaki nusu saa baada ya kutoka kitini, usikalie sehemu hiyo mpaka ipotee.

Nyumbani

Nyumba nyingi za mbao zimeinuliwa juu ya msingi wa mawe, kwa hiyo mlangoni kuna kidato. Njia ya mteremko inahesabiwa hivi: kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Kidato cha sentimita 15 kinataka sentimita 180. Upana usipungue sentimita 90, na pembeni pigilia ubao mdogo ili gurudumu lisitoke. Mlango wenye uwazi wa sentimita 80 unapitisha viti vingi. Ukishindwa kuupanua, ondoa bawaba na utundike pazia.

Choo cha shimo ndicho kinachowatesa wenye magoti na nyonga mbaya. Fundi seremala atengeneze kiti cha mbao kisicho na kalio kamili, chenye tundu la sentimita 20 hadi 25, urefu wa kama sentimita 45, miguu ikiwa imetanuka kidogo kuelekea nje. Watu hukata kiti cha plastiki kwa sababu ni rahisi. Kikishakatwa kinapoteza nguvu yake, miguu inateleza juu ya saruji yenye maji, na nyufa huanzia kwenye tundu. Pigilia pia mti wa kushikia ukutani, urefu wa kiwiko ukiwa umekaa.

Moto (pikipiki ya abiria), taksi na boti

Kwa moto, mwambie motari, yaani dereva wake, kabla ya kupanda kwamba unaumwa mgongo na mawe apite polepole, akishaondoka hasikii. Magongo yafungwe sambamba na pikipiki. Yakikaa kwa upana yatagonga mtu au gari. Kiti kipande moto ya pili. Chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, inabeba kiti vizuri sana, lakini usikubali kukaa juu yake wewe: haina springi, na kila jiwe utalihisi.

Kuhama kutoka kitini kwenda taksi: kiti kikae pembeni ya siti kwa pembe ndogo, breki zote mbili zimefungwa, kikanyagio kimeondolewa. Ubao mlaini wa sentimita 70 kwa 25, unene wa 2, uliopigwa msasa pande zote, unafanya daraja. Unateleza juu yake kwa misogeo midogo badala ya kujirusha mara moja.

Kwenye boti ya kwenda Bukavu, shuka kitini kabla ya kuvuka ubao wa kupandia kama unaweza hatua chache. Ukibebwa ndani ya kiti, wabebaji washike fremu tu. Egemeo la mkono na kikanyagio vingi vinachomoka, na vikichomoka juu ya maji hakuna wa kukudaka.

Kukitunza

Bonyeza tairi kwa kidole gumba: lisibonyee zaidi ya nusu sentimita. Tairi lililolegea lina madhara mawili ambayo watu hawayaunganishi: kusukuma kunakuwa kuzito, na breki haishiki, kwa sababu breki ya kiti inalikandamiza tairi lenyewe. Kabla ya kumlipa fundi breki, jaza upepo. Mara moja kwa wiki kaza nati zote, maana mtikisiko wa lava unazilegeza, na ondoa nywele na nyuzi zilizojifunga kwenye ekseli za mbele. Mawe haya hunywa maji haraka, kwa hiyo tope letu ni dogo kuliko la Bukavu, lakini vumbi lake ni la kusaga chuma: futa kwanza kwa kitambaa kikavu, ndipo upake mafuta, tone moja au mawili. Mafuta juu ya vumbi yanageuka kuwa msasa. Mkoba wa kiti uwe na pampu, viraka, gundi na spana inayoingia nati zako.

Wapi pa kwenda, na lini usisubiri

Goma kuna kituo cha Shirika la Umoja chenye atelie ya viungo bandia na vifaa vya kutembelea. Bukavu kuna kituo cha Heri Kwetu. Nenda na viatu vyako vya kila siku, karatasi ya vipimo ulivyoandika, na zile dakika zako tatu. Mtaalamu wa kine, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi, anayejua kwamba maumivu yanapanda dakika ya 12 atakuchagulia tofauti na anayesikia tu "miguu inauma". Kabla hujaondoka na kifaa, omba tarehe ya kurudi ili kiangaliwe. Mkiulizwa kwa nini mtu anayetembea anaomba kiti, semeni bila woga: nchi yetu ina sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na tangu 2015 imejiunga na mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki hizo.

Yako maumivu ambayo hayatibiwi na kiti. Ganzi mpya sehemu za siri, mkojo au choo kisichozuilika, mguu unaopoteza nguvu ndani ya siku chache: nenda hospitali siku hiyo hiyo, mchana au usiku. Mgongo unaouma usiku ukiambatana na homa na kukonda, au kinundu kinachoota kwenye uti wa mgongo, unaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho kina dawa. Mgonjwa wa SS akipata homa au maumivu ya kifua pamoja na kukosa pumzi, apelekwe hospitali kwa moto au gari lolote lililo karibu. Mkongojo wake uende naye, atauhitaji akitoka.